KITI CHA MWIGO CHA MASHINDANO YA MAGARI: ZANA YA KUJITENGENEZEA NA MAFUNZO YAKE

Utangulizi

Miongoni mwa michezo inayowavuta vijana siku hizi, mchezo wa mashindano ya magari katika kompyuta una mahali pake pa pekee. Mchezaji huketi mbele ya kioo, hushika usukani mdogo wa plastiki, hukanyaga pedeli, na barabara hukimbia mbele ya macho yake. Wanaoupenda mno mchezo huo hawaridhiki na kiti cha kawaida cha mezani. Hutafuta kiti kinachofanana na cha gari, wakakifunga pamoja na usukani na pedeli katika kiunzi kimoja. Viti vya namna hiyo huuzwa madukani kwa bei kubwa, lakini wachezaji wengi hujitengenezea wenyewe kwa mbao, bolti na kiti kilichotolewa katika gari bovu.

Huenda msomaji akauliza: jambo hili lina uhusiano gani na mwalimu wa shule ya msingi? Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba uhusiano upo, tena ni wa karibu. Kiti hicho ni mwigo wa kitu halisi. Na kila zana ya kufundishia, kuanzia ramani ya ukutani hadi saa ya kadibodi yenye mishale ya kuzungushwa kwa kidole, ni mwigo vilevile. Anayekijenga kiti hicho hana budi kujiuliza maswali mawili: ni jambo gani la kitu halisi tunalotaka kulihifadhi, na ni jambo gani tunaloliacha? Mwalimu asiyejiuliza maswali hayo aweza kuwa na zana ya kupendeza isiyofundisha kitu, au, lililo baya zaidi, zana inayofundisha uongo.

Asili ya kiti cha mwigo

Wazo la kujifunza chombo cha hatari kwa kukalia mwigo wake si geni. Karibu na mwaka 1910, huko Ufaransa, wanafunzi wa urubani wa ndege za Antoinette walifundishwa kwa nusu mbili za pipa zilizowekwa moja juu ya nyingine. Mwanafunzi aliketi juu akishika magurudumu ya kuongozea, na wasaidizi waliosimama chini walikiyumbisha kifaa hicho kwa mikono ili mwanafunzi ajaribu kukirudisha sawa. Pipa hilo halikuwa na mabawa wala injini, lakini lilihifadhi jambo moja: mkono wa mwanafunzi kujibu kuyumba kwa mwili wake.

Miaka ishirini hivi baadaye, Mmarekani Edwin Link alitengeneza mwigo bora zaidi. Baba yake alikuwa na kiwanda cha piano na vinanda katika mji wa Binghamton, na Link alitumia mivukuto ya vinanda kuinamisha na kuinua chumba kidogo cha rubani. Mashine yake ya kwanza ilikamilika mwaka 1929, lakini wanajeshi hawakuitilia maanani. Mwaka 1934 jeshi la Marekani lilikabidhiwa kazi ya kubeba barua kwa ndege, na marubani kadhaa wakapoteza maisha katika hali mbaya ya hewa, kwa kuwa wengi hawakuzoea kurusha ndege kwa kutegemea vipimo peke yake. Mwaka huohuo jeshi likanunua mashine za Link. Hapo twaona kwamba mwigo si mchezo tu. Ukijengwa kwa akili, huokoa roho za watu.

Katika magari nako mifano ipo. Mhispania Lucas Ordóñez alishinda mwaka 2008 mashindano ya wachezaji wa mchezo wa video uitwao Gran Turismo. Baada ya hapo alifundishwa katika magari ya kweli, na mwaka 2011 timu yake ilishika nafasi ya 2 katika daraja lake kwenye mashindano ya saa 24 ya Le Mans, Ufaransa. Tunamwomba mwanachuo azingatie maneno haya: alifundishwa katika magari ya kweli. Kiti cha mwigo kilimfungulia mlango tu. Tutalirudia jambo hili mbele.

Kiunzi kimoja

Mchezaji anayeweka pedeli sakafuni na kuketi juu ya kiti chenye magurudumu hugundua upesi kasoro moja. Akikanyaga breki kwa nguvu, kiti hurudi nyuma. Mguu husukuma pedeli kwenda mbele, na pedeli huusukuma mwili kwenda nyuma kwa nguvu iliyo sawa. Hii ndiyo kanuni ya tatu ya mwendo ya Newton, na hapa mwanafunzi huisikia mgongoni mwake kabla hajaiona ubaoni.

Dawa yake ni kufunga kiti, usukani na pedeli katika kiunzi kimoja. Hapo nguvu mbili zinazopingana hukutana ndani ya mbao zilezile, na kiti hakiendi popote. Mwalimu akitaka kulithibitisha jambo hili, amwambie mwanafunzi mmoja akae juu ya kiti chepesi na kuusukuma ukuta kwa miguu, kisha akae sakafuni ndani ya mlango, mgongo ukiegemea mwimo mmoja na miguu ikisukuma mwimo wa pili. Tofauti itaonekana bila maelezo mengi.

Vipimo hutoka mwilini

Kabla ya kukata ubao wowote, wanafunzi wapimane. Vipimo vinavyotakiwa ni vinne: kutoka mgongoni hadi gotini mtu akiwa ameketi, kutoka gotini hadi kisiginoni, kutoka makalioni hadi begani, na kutoka begani hadi kwenye kifundo cha mkono. Vipimo vya wanafunzi kumi viandikwe katika jedwali, kisha wastani utafutwe.

Hapa lipo somo ambalo vitabu vya hesabu aghalabu hulipita. Kiti kilichokatwa kwa kipimo cha wastani huenda kisimfae hata mmoja kati ya wale kumi: mrefu atakunja magoti mpaka yaguse usukani, na mfupi hatazifikia pedeli. Kwa hiyo wastani hutuonyesha mahali pa kuanzia, lakini tofauti kati ya mkubwa na mdogo ndiyo inayotuonyesha ni kwa kiasi gani pedeli ziweze kusogezwa. Tunashauri matundu ya bolti ya ubao wa pedeli yatobolewe kila baada ya sentimita 5.

Mkao sahihi hupimwa kwa njia mbili nyepesi. Kwanza, mtu akikanyaga pedeli hadi mwisho, goti libaki limepinda kidogo. Pili, mabega yakiwa yameegemea kiti, kifundo cha mkono kiweze kulala juu ya ukingo wa juu wa usukani. Madereva wa magari ya kweli huweza kujipima hivyohivyo.

Vifaa na hatua za ujenzi

Vinahitajika mbao za inchi 2 kwa 4, yaani karibu sentimita 5 kwa 10, kipande cha plaiwudi cha unene wa milimita 18, bolti na nati zenye wosha pana, skrubu, gundi ya mbao, na kiti cha gari bovu kutoka kwa mafundi wa gereji. Zana ni msumeno, keekee, guni, utepe wa kupimia, spana na msasa. Juu ya kiti hicho tunatoa onyo: viti vya baadhi ya magari ya miaka ya karibuni vina mfuko wa hewa ubavuni, wenye baruti ya kuufyatua. Kiti cha namna hiyo kisipokelewe wala kisifunguliwe. Kiti cha zamani kisicho na nyaya kitafaa, na kikikosekana, kiti cha mbao chenye mgongo ulioinama kidogo kitatosha.

Kwanza, zikatwe mbao mbili za sentimita 120 na vipande vitatu vya sentimita 40. Vipande hivyo vikiwekwa kati ya zile mbao ndefu, kimoja mbele, kimoja katikati na kimoja nyuma, tutapata mstatili ambao urefu wake wa nje ni sentimita 120 na upana wake ni sentimita 50. Wanafunzi waulizwe kwa nini vipande ni vya sentimita 40 na si 50. Jibu wataliona katika unene wa mbao zenyewe.

Pili, kabla ya kukaza bolti, mishazari miwili ya mstatili ipimwe. Kila mmoja unatakiwa uwe sentimita 130. Ukiwa mmoja umezidi na mwingine umepungua, kiunzi kimekwenda upande, na kinapaswa kusukumwa kwenye pembe iliyo ndefu. Hesabu ya 50, 120 na 130 ni ndugu ya 5, 12 na 13, ambayo mafundi na wanahesabu wameijua tangu kale.

Tatu, zisimamishwe nguzo mbili za sentimita 65, kila moja ikifungwa kwa bolti mbili upande wa nje wa ubao mrefu. Juu yake uwekwe ubao wa plaiwudi wa sentimita 60 kwa 25, ambao utabeba usukani. Nguzo hizo peke yake zitayumba. Kila moja itiwe mkono wa mshazari wa sentimita 45 kutoka katika nguzo hadi kwenye ubao wa chini. Ili wanafunzi waelewe sababu yake, wapigilie vijiti vinne kwa misumari katika pembe, kisha vitatu. Mstatili utapinda mikononi mwao, pembetatu itakataa. Baada ya hapo wataanza kuziona pembetatu katika kenchi za paa, katika madaraja na katika baiskeli.

Nne, mbao hukatwa kwa mpango. Zikiwa zinauzwa kwa vipande vya futi 12, yaani karibu sentimita 366, kipande cha kwanza kitatoa mbili za 120 na tatu za 40, jumla sentimita 360. Zinabaki sentimita 6 tu, na msumeno wenyewe hula milimita kadhaa kila unapokata. Kipande cha pili kitatoa nguzo mbili na mikono miwili, jumla sentimita 220. Tatizo la kujumlisha na kutoa lenye ubao wa kweli mbele yake halihitaji kupambwa kwa machungwa ya Ali na maembe ya Asha. Mwanafunzi akikosea, ubao unapungua, na kila mtu anauona upungufu huo.

Pedeli ya breki

Hapa ndipo penye kiini cha mazungumzo yetu. Ndani ya pedeli nyingi za bei nafuu mna springi, na pembeni mna kifaa kidogo kiitwacho potensiometa. Kifaa hicho ni cha jamii moja na kitufe cha kuongeza na kupunguza sauti katika redio za zamani. Kikizungushwa, kiasi cha umeme kinachopita hubadilika, na kompyuta huyageuza mabadiliko hayo kuwa namba, kwa mfano kuanzia 0 hadi 1,023. Kwa hiyo kompyuta hujua mguu umekwenda umbali gani.

Lakini gari la kweli haliulizi mguu umekwenda umbali gani. Breki ya gari huitikia zaidi nguvu ya kukanyaga, na mguu wa binadamu hukumbuka nguvu kuliko umbali. Ndiyo sababu mchezaji mwenye pedeli laini leo hufunga breki mapema mno na kesho huchelewa. Wajuzi huondoa kasoro hii kwa kuweka mpira mgumu nyuma ya pedeli, kwa mfano bushi chakavu ya gari, ili kila kadiri ya kukanyaga izidi kuwa ngumu. Wenye uwezo huweka kifaa kinachopima nguvu yenyewe badala ya umbali.

Jambo hili tunaliona kuwa fundisho kubwa kwa mwalimu. Mtengenezaji wa pedeli laini alihifadhi umbo la breki akaiacha kazi yake. Kwa macho ni breki, kwa mguu si breki. Je, ni mara ngapi tunatundika ukutani mchoro wa moyo wenye rangi nyekundu na buluu, mwanafunzi akajua rangi lakini asijue kuwa ule ni msuli unaosukuma? Zana ipimwe kwa kazi, isipimwe kwa sura.

Pedeli pia ni wenzo. Tuchukue pedeli ambayo mguu hukanyaga sentimita 24 kutoka katika egemeo, na mpira umewekwa sentimita 6 kutoka katika egemeo hilohilo. Mguu ukikanyaga kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 10, mpira hubanwa kwa nguvu inayolingana na kilo 40. Hata hivyo, mpira ukibonyea sentimita 1, mguu utakuwa umesafiri sentimita 4. Tunachokipata katika nguvu tunakilipa katika umbali.

Kioo na pembe ya kuona

Wachezaji wengi hukiweka kioo mbali, kama wanavyofanya watazamaji wa televisheni. Gari katika mchezo huonekana kwenda polepole, au barabara hujipinda isivyo kawaida. Sababu ni kwamba pembe inayofanywa na jicho na kingo mbili za kioo hailingani na pembe ambayo mchezo umepangwa kuonyesha.

Kioo cha inchi 27 cha umbo la kawaida la siku hizi kina upana wa karibu sentimita 60, kwa kuwa inchi hizo hupimwa kwa mshazari. Kikiwa sentimita 60 kutoka machoni, pembe hiyo ni karibu nyuzi 53. Kikisogezwa hadi sentimita 120, pembe hupungua hadi karibu nyuzi 28. Wanafunzi wa darasa la juu hawahitaji hesabu ngumu ili kulipata jibu hili. Wachore pembetatu kwa skeli ya sentimita 1 kwa sentimita 10, wapime kwa kipimapembe, kisha waandike namba hiyo katika sehemu ya mpangilio wa mchezo. Mchoro wao utakuwa umeiamuru kompyuta.

Matumizi darasani

Kanuni ya kale ya ualimu husema tutoke katika yanayojulikana kuelekea yasiyojulikana. Watoto wengi wa Afrika Mashariki wamekwisha kutengeneza magari ya waya yenye fimbo ndefu ya usukani, wakayaendesha njiani kwa kutembea nyuma yake. Mwalimu aanze na magari hayo. Awaulize: katika gari lako ni kitu gani cha gari la kweli umekihifadhi? Kitu gani umekiacha? Kutoka hapo kiti cha mwigo kitaingia bila kuwa kigeni.

Shule isiyo na kompyuta isikate tamaa. Kiunzi, kiti, usukani wa duara ya plaiwudi na pedeli zenye mpira vinatosha kwa masomo ya nguvu, nyenzo, vipimo na pembetatu. Vinatosha pia kwa somo moja ambalo twaliona kuwa kubwa kuliko yote.

Mwanafunzi aketi katika kiti, mguu ukiwa juu ya pedeli ya mafuta. Mwenzake ainue ghafla kadi nyekundu, naye ahamishe mguu hadi kwenye breki. Darasa litaona kuwa kitendo hicho, hata kwa mtu aliye macho na tayari, kinachukua muda. Sasa mwalimu aeleze kwamba gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa hupita karibu mita 14 kila sekunde moja. Watoke nje wapime mita 14 kwa utepe, waweke jiwe mwanzo na jiwe mwisho. Kama dereva akitumia sekunde 1 kuona, kuamua na kuhamisha mguu, gari lake litaufuta umbali wote huo kabla breki haijaanza kazi. Kisha wapime mita 8 na sentimita 30 kwa ajili ya gari la kilomita 30 kwa saa, wazilinganishe.

Watoto wetu wengi huenda shule kwa miguu kando ya barabara kuu. Wamekwisha kuambiwa mara nyingi: tazama kulia, tazama kushoto. Wanapoketi mahali pa dereva, huijua sababu ya agizo hilo, maana huona kwamba hata dereva mwema, anayempenda mtoto na kutaka kusimama, hawezi kusimama papo hapo.

Mipaka ya mwigo

Baada ya kusema faida, hatuna budi kusema mipaka, tena mbele ya wanafunzi wenyewe. Kiti hiki hakitingishwi na barabara. Mwili hausukumwi mbele breki inapofungwa, wala hauvutwi pembeni katika kona. Hakuna mtu anayevuka ghafla isipokuwa mchezo umepangwa hivyo. Na kubwa kuliko yote, katika mchezo gari likivunjika hubonyezwa kitufe likawa zima. Mtoto anayeyajua haya ataupenda mchezo bila kudanganyika. Asiyeambiwa huenda siku moja akadhani kuwa anajua kuendesha gari.

Kwa hiyo tunapendekeza kwamba kila kiti kitakachojengwa chuoni kibandikwe karatasi yenye safu mbili, moja ya yale yanayofanana na gari la kweli na nyingine ya yasiyofanana. Karatasi hiyo iandikwe na wanafunzi, na iongezwe kila wanapogundua jambo jipya. Utaratibu huohuo unafaa kwa tufe la dunia, kwa mfano wa mfumo wa jua, na kwa zana zote za darasani.

Hitimisho

Tumeeleza namna kiti kinavyojengwa, vipimo vyake na kazi yake. Mwanachuo akipata nafasi ya kukijenga, akijenge pamoja na wanafunzi wake, kwa kuwa kiti kilichonunuliwa kikiwa tayari kingewanyima nusu ya masomo tuliyoyataja. Asipopata nafasi hiyo, tunamwomba achukue zana yoyote aliyo nayo kabatini na kuiuliza maswali yaleyale mawili: umehifadhi nini, na umeacha nini? Majibu yake ndiyo yatakayomwonyesha aitumie vipi zana hiyo kesho asubuhi.